Jinsi ya Kujifunza Siasa za Kijiografia: Anza na Sehemu Moja ya Ramani

Watu wengi wanaotaka kuelewa mambo ya dunia huanza na viongozi: nani amesema nini, nani amekutana na nani, nani amemsusia nani. Habari hizo zina umuhimu wake, lakini hubadilika kila wiki, na anayezifuata peke yake huishia kujua matukio mengi bila kujua kwa nini yanatokea pale yanapotokea. Siasa za kijiografia huanzia kwenye swali hilo la pili. Ni taaluma inayochunguza jinsi bahari, milima, mito, tambarare, madini, hali ya hewa na umbali vinavyoathiri uwezo wa mataifa, hofu zao na maamuzi yao. Ushauri nitakaoutoa hapa una msimamo mmoja: soma kwa kina sehemu moja ya ramani kabla ya kujifunza nadharia zinazodai kueleza dunia nzima, kwa sababu nadharia ambayo hujaipima mahali halisi itakupa kujiamini kabla ya kukupa maarifa.

Isome ramani, na uitilie shaka

Dunia ni tufe na karatasi ni bapa, kwa hiyo kila ramani ya karatasi hupotosha kitu fulani. Ramani aliyoichora Gerardus Mercator mwaka 1569 ilikusudiwa mabaharia, kwani mstari ulionyooka juu yake huonyesha mwelekeo wa dira usiobadilika, na kwa kazi hiyo inafaa sana. Hata hivyo, hukuza nchi kadiri zinavyokuwa mbali na ikweta, hata Greenland huonekana kukaribia Afrika kwa ukubwa, ilhali Afrika ina takriban kilomita za mraba milioni 30 na Greenland ina milioni 2.2 tu.

Tafuta tufe, au ramani ya kidijitali inayoweza kuzungushwa, kisha uitazame dunia kutoka juu ya Ncha ya Kaskazini. Urusi na Marekani, ambazo kwenye ramani nyingi za ukutani huwekwa pande mbili zilizo mbali kabisa, hapo zinatazamana, na visiwa vya Diomede vilivyo katika Mlango-Bahari wa Bering, kimoja cha Urusi na kingine cha Marekani, vimetenganishwa na umbali usiofika kilomita 4. Ukishaona hivyo utaelewa kwa nini wakati wa Vita Baridi vituo vya rada vya kugundua mashambulizi vilijengwa Alaska, Kanada na Greenland.

Baada ya hapo tafuta ramani za aina nyingine za eneo unalolisoma: ya miinuko na mito, ya mvua, ya msongamano wa watu, ya lugha, ya reli, bandari na mabomba ya mafuta. Zichore mwenyewe kwa mkono bila kutazama, kisha ulinganishe na ramani halisi. Zoezi hili linaweza kuonekana la kitoto, lakini sijui njia nyingine inayoonyesha haraka namna hii mahali ambapo ufahamu wako una pengo.

Chagua mahali na upaulize maswali

Kwa anayeanza, mlango-bahari au mfereji ni chaguo zuri, kwa kuwa mambo mengi hukutana katika eneo dogo. Tuchukue njia ya Bahari ya Shamu, yenye Mfereji wa Suez kaskazini na Mlango-Bahari wa Bab el-Mandeb kusini. Maswali ya kuuliza ni haya: ni nini kinachopita hapa, na ni cha nani? Njia mbadala ipo wapi, na gharama yake ni ipi? Ni nani mwenye uwezo wa kuifunga, na angepoteza nini kwa kuifunga? Ni sheria gani inayopatawala, na ni nani anayeisimamia? Usiridhike na majibu ya leo peke yake. Yajibu kwa kila kipindi.

Waingereza waliitwaa bandari ya Aden, katika Yemen ya leo, mwaka 1839, miaka 30 kabla ya mfereji kufunguliwa, kwa sababu ilifaa kuwa kituo cha makaa ya mawe kwa meli za mvuke zilizokuwa zikienda India. Mfereji ulipofunguliwa mwaka 1869, bahari iliyokuwa haina mlango wa kutokea kaskazini ikageuka kuwa njia kuu kati ya Ulaya na Asia, na mwaka 1882 Uingereza ikaivamia na kuikalia Misri. Mkataba wa Konstantinopoli wa mwaka 1888 ulitamka kwamba mfereji uwe wazi kwa meli za mataifa yote wakati wa amani na wa vita, lakini baadaye Misri iliwazuia Waisraeli kuutumia kwa miaka mingi. Hapo mwanafunzi anajifunza kwamba maandishi ya mkataba na nguvu ya kuutekeleza ni vitu viwili tofauti.

Mwaka 1956 Rais Gamal Abdel Nasser aliutaifisha mfereji. Uingereza, Ufaransa na Israeli zikaishambulia Misri, zikapata mafanikio ya kijeshi, kisha zikalazimika kuondoka kwa shinikizo la Marekani na Umoja wa Kisovieti. Vita vya mwaka 1967 vikaufunga mfereji hadi mwaka 1975, na katika kipindi hicho kampuni za usafirishaji ziliongeza matumizi ya meli kubwa zaidi za mafuta, kwa kuwa safari ya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, huwa na nafuu zaidi kwa kila pipa meli inapobeba shehena kubwa. Mwezi Machi 2021 meli ya Ever Given, yenye urefu wa takriban mita 400, ilikwama na kuziba njia kwa siku 6. Kuanzia Novemba 2023 Wahouthi, kundi la wapiganaji wa Yemen lisilo na jeshi la majini la kulinganishwa na la taifa lolote kubwa, walizishambulia meli kwa makombora na droni, na kampuni nyingi zikarudi kwenye njia ile ile ya Rasi, ambayo huongeza siku 10 au zaidi kwa safari nyingi kati ya Asia na Ulaya. Mapato ya Misri kutokana na mfereji yalishuka kutoka zaidi ya dola bilioni 10 mwaka 2023 hadi takriban dola bilioni 4 mwaka 2024.

Nimelieleza eneo hili kwa urefu kwa makusudi. Katika miaka hiyo yote ardhi na maji havikusogea, lakini thamani ya mahali ilipanda, ikashuka na kupanda tena kufuatana na aina ya meli, aina ya silaha, bidhaa inayosafirishwa na uamuzi wa watu. Djibouti, nchi ndogo yenye ardhi kame, leo imezikaribisha kambi za kijeshi za Marekani, Ufaransa, Japani, Italia na China, ambayo ilifungua yake mwaka 2017. Jiografia huweka gharama za kila uamuzi, haitoi amri. Mwanafunzi anayelishika wazo hili mapema ataepuka makosa mengi.

Usiisahau hali ya hewa katika hesabu hiyo. Malango ya Mfereji wa Panama, yanayopandisha na kushusha meli, hutumia maji yasiyo ya chumvi ya Ziwa Gatun, na ukame wa mwaka 2023 uliwalazimisha wasimamizi wake kupunguza kwa kiasi kikubwa idadi ya meli zinazopita kwa siku, bila adui yeyote kurusha risasi.

Elewa sheria ya mahali

Kwa bahari, anza na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, unaoipa nchi ya pwani mamlaka juu ya maji yake hadi maili 12 za baharini na haki za kiuchumi hadi maili 200. Ndiyo sababu mataifa hugombea visiwa vidogo visivyo na wakazi: kisiwa kinachokidhi masharti huja na eneo kubwa la samaki, mafuta na gesi. Mwaka 2016 jopo la usuluhishi lilisema kwamba hakuna hata kimoja kati ya visiwa na miamba ya Spratly, katika Bahari ya Kusini mwa China, kinachostahili ukanda huo wa maili 200, na China ikaukataa uamuzi huo. Kinyume chake, Mkataba wa Montreux wa mwaka 1936, unaosimamia upitaji wa meli katika milango-bahari ya Uturuki ya kuingia Bahari Nyeusi, bado una nguvu, kwani Uturuki iliutumia mwaka 2022 kuzizuia manowari za Urusi na Ukraine kupita Bosphorus, mmoja wa milango-bahari hiyo, isipokuwa zile zinazorejea kwenye vituo vyake vya Bahari Nyeusi. Linganisha kesi hizi mbili na ujiulize ni nini kiliupa mmoja uzito ambao mwingine uliukosa.

Andika kutoka kila mji mkuu

Ukishalijua eneo lako, andika ukurasa mmoja kwa niaba ya kila serikali inayohusika, kwa lugha ambayo serikali hiyo yenyewe ingeikubali. Mto Nile unafaa sana kwa zoezi hili. Ukurasa wa Cairo utasema kwamba karibu watu wote wa Misri wanaishi kando ya mto na kwenye delta yake, kwamba mvua ni haba mno, na kwamba mkataba wa mwaka 1959 na Sudan uliipa Misri mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka na Sudan bilioni 18.5. Ukurasa wa Addis Ababa utajibu kwamba sehemu kubwa ya maji hayo hutoka kwenye nyanda za juu za Ethiopia, kwamba Ethiopia haikuwa upande wowote katika mkataba huo, na kwamba mamilioni ya raia wake hawana umeme. Ukurasa wa Khartoum ni mgumu zaidi kuuandika, kwa kuwa bwawa la umeme la Ethiopia lililoanza kujengwa mwaka 2011 na kuzinduliwa Septemba 2025 linaweza kuipunguzia Sudan mafuriko na wakati huo huo kuitia hofu juu ya usalama wake likiwa karibu sana na mpaka. Ikiwa mmoja wa kurasa zako unasomeka kama kejeli, bado hujaielewa serikali hiyo, na unapaswa kurudi kusoma.

Nadharia zije sasa

Hapo ndipo wananadharia wakuu wa taaluma hii, Halford Mackinder, Alfred Thayer Mahan na Nicholas Spykman, wanapoanza kuwa na faida. Wasome pamoja na mwaka wao na uraia wao. Mackinder, Mwingereza, alipotoa mhadhara wake mwaka 1904 kuhusu umuhimu wa kitovu cha bara la Ulaya na Asia, reli ya Siberia ilikuwa karibu kukamilika, na hofu yake ilikuwa kwamba reli ingezipa dola za nchi kavu faida dhidi ya dola ya baharini kama yake. Mahan, afisa wa jeshi la majini la Marekani, alisisitiza bahari wakati nchi yake ikijenga manowari. Kumbuka pia kwamba dhana ya Friedrich Ratzel, mwanajiografia wa Kijerumani, ya taifa linalohitaji nafasi ya kuishi ilichukuliwa na Wanazi kuhalalisha uvamizi na mauaji. Taaluma hii ina historia hiyo, na anayeisoma kwa uaminifu hawezi kuiruka.

Kila nadharia ipime kwa mifano inayoipinga. Ikisemwa kwamba nchi isiyo na bahari lazima iwe maskini, itazame Uswisi, kisha uulize majirani wake ni akina nani na mito na reli zake zinaelekea wapi, na uilinganishe na Ethiopia, iliyopoteza pwani yake Eritrea ilipojitenga mwaka 1993 na ambayo sehemu kubwa mno ya biashara yake hupitia Djibouti.

Weka daftari. Kila unapoamini kwamba jambo fulani litatokea, liandike pamoja na tarehe ya kulikagua na sababu za kijiografia unazozitegemea, na tarehe ikifika uandike kilichotokea na sababu iliyokosewa. Ukiweza kusoma lugha zaidi ya moja ya eneo lako, zisome, kwa sababu magazeti ya pande mbili za mpaka mmoja mara nyingi huchora ramani tofauti. Na utakapochagua eneo la pili, chagua la aina nyingine kabisa: aliyeanza na mlango-bahari achukue mto unaogawanywa na nchi nyingi, safu ya milima ya mpakani kama Himalaya, au mgodi wa kobalti na njia yake ya kufika bandarini, maana hapo yale maswali manne ya mwanzo yatahitaji kuongezewa mengine.