Msiba uko Uingereza na we uko Mwanza: jinsi ya kufuata ibada laivu

Siku hizi koo nyingi za huku kwetu zina mtu Ulaya, nesi Uingereza, mwanafunzi Ujerumani, binti kaolewa Sweden, na sio kila msiba mwili unarudishwa, wengine wanazikwa au kuchomwa huko huko. Zamani mlikuwa mnasubiri picha tu. Sasa hivi makanisa mengi ya Uingereza na sehemu nyingi za kuchomea maiti zina kamera, na hili lilishika kasi 2020 wakati wa korona, mazishi yalikuwa ya watu wachache na makanisa yamefungwa mpaka Justin Welby, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, kiongozi wa Waanglikana, akaongoza Pasaka akiwa jikoni kwake. Korona imepita, kamera zimebaki.

Anza na saa maana hapo ndo wengi wanachemka. Uingereza wanabadilisha saa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Kiangazi chao tunawazidi masaa 2, kipindi cha baridi masaa 3 (Ujerumani, Italia na Sweden ni 1 na 2). Kwahiyo wakiandika 11:30 mwezi wa saba, Mwanza ni saa saba na nusu mchana, mwezi wa kwanza ingekuwa saa nane na nusu. Kwenye grupu la ukoo andika saa ya Kiswahili tu, ukiwatumia ile kadi yao ilivyo shangazi kule Magu atafungua simu saa tano na nusu akute kioo cheusi. Na wale hawasubiri mtu, sehemu ya kuchomea mnapewa kama dakika 30 mpaka 45 pamoja na kuingia na kutoka, msiba mwingine uko nje unangoja.

Linki iombe kwa mfiwa mwenyewe, mara nyingi inakuja na neno la siri. Ile uliyoikuta Facebook chini ya picha ya marehemu achana nayo, kuna matapeli wanatengeneza linki feki za mazishi alafu wanataka namba ya kadi ya benki ndo uangalie. Ikidai kadi, toka.

Itakuja na linki ya mchango, hiyo isomeni vizuri. Familia nyingi za huko zinasema msilete maua, changieni taasisi fulani, labda ya wagonjwa wa kansa, sasa hela ukituma pale inaenda kwenye taasisi, mjane haioni kabisa. Kama ni rambirambi mpigieni mumuulize imfikieje.

Mitambo sasa. Projekta chini ya turubai mchana msihangaike nayo, hamtaona kitu, TV ikae sebuleni, laptop iunganishwe kwa waya wa HDMI na sauti itoke kwenye sabufa. Saa moja ya video inaweza kula kama GB 1, HD zaidi, wekeni bando la kutosha kwenye simu ambayo hakuna anayeipigia, na simu ya mtandao mwingine ikae pembeni tayari. Umeme unajulikana, jenereta iwe na mafuta. Na mwenye kushika mitambo awe kijana mmoja, sio kila mjomba anapita anabonyeza.

Kubwa kuliko yote, wazee waambiwe mapema watakachokiona. Kamera nyingi zimefungwa ukutani, mtaona migongo ya watu na jeneza mbele, kwa kawaida uso hauonyeshwi, na mwisho sehemu nyingine pazia linafungwa ndo imeisha, hakuna kaburi hakuna kutupia udongo. Bibi katoka zake Ukerewe, akiona pazia atauliza mwanangu wanampeleka wapi, na jibu la kuchomwa sio la kumpa mbele za watu. Mi naona aelezwe usiku wa kuamkia siku hiyo, na mtu anayemuamini, sio na kijana wa laptop.

Mwombeni mchungaji au katekista afungue kwa sala na afunge, na mtu wa kutafsiri akae karibu na wazee. Wakatoliki msione mmemaliza, Vatikani ilishasema 2002 kwamba hakuna sakramenti kwenye intaneti, nendeni parokiani mkaandikishe misa ya marehemu. Waislamu angalieni muda wa swala wa msikiti husika kwenye programu kama Mawaqit, maana janaza mara nyingi inasaliwa baada ya swala ya faradhi, ila habari ya kuswali mkifuata skrini muulizeni sheikh wenu.

Jioni wa huko wakitaka kusali na nyie kwa Zoom, ya bure inakata dakika 40, salamu za shemeji peke yake zinazimaliza, bora wao walipie. Na rekodi ya ibada mara nyingi inakaa mtandaoni wiki chache inafutwa, kwahiyo wiki hiyo hiyo mwambieni mtoto wa marehemu aombe faili lenyewe awatumie kwa Google Drive, kwa WhatsApp likitumwa kama video litabanwa mpaka sura hazionekani vizuri.