Tope la bayogesi kihambani: kutoka mtamboni hadi kwenye shina

Ukiwasha jiko la bayogesi, kinachoungua hasa ni methani, yaani kaboni na haidrojeni. Naitrojeni, fosforasi na potasiamu za samadi karibu zote zimebaki kwenye tope linalotokea upande wa pili wa mtambo. Hapa Moshi bado naona tope hilo likiachwa litiririke mferejini, halafu mwenye kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, anatoa pesa dukani kununua yurea. Inaniuma, kwa sababu kazi ngumu ng'ombe na mtambo wameshaifanya.

Maelezo haya yanafaa mtambo wa kuba uliojengwa chini ya ardhi, wa aina ambayo CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia za vijijini kilichoko Arusha, imekuwa ikiisambaza tangu miaka ya 1980.

1. Hakikisha tope limeiva

Tope lililoiva ni jeusi, halinuki kinyesi, na inzi hawalizongi. Likiwa bado linatoa mapovu mengi baada ya kutoka, samadi imepita upesi mno. Lisha mtambo ndoo moja ya samadi kwa ndoo moja ya maji. Anayezidisha maji akitaka kazi iende haraka anasukuma nje samadi mbichi, na gesi nayo inapungua.

2. Chimba mashimo mawili, uyaezeke

Yawe jirani na tundu la kutokea, chini yake kidogo, ili tope lijiendee lenyewe. La kwanza likijaa, fungulia la pili. Weka na uzio, watoto wasije wakatumbukia.

Paa usiliruke. Ndani ya mtambo, sehemu ya naitrojeni hugeuka kuwa amonia. Hiyo ndiyo inayoupa mmea nguvu upesi, na hiyo hiyo ndiyo inayoruka hewani tope likipigwa na jua. Wanaolianika mpaka likauke ndipo walibebe kwa gunia wanapoteza sehemu kubwa ya naitrojeni, kisha wanalalamika kwamba mbolea ya bayogesi ni dhaifu. Kivuli cha mabati machakavu au majani ya migomba kinatosha.

3. Peleka shambani jioni

Ongeza maji: ndoo moja ya tope kwa moja ya maji, na kwa mboga changa maji yawe mawili. Mwagia udongo, usimwagie majani. Jua likishapoa ndio wakati wake, na ardhi ikiwa na unyevu ni bora zaidi.

Kwa mgomba, chimba mfereji mfupi hatua moja kutoka shinani, upande wa juu wa mteremko, mimina, fukia, kisha rudishia matandazo. Ukimimina upande wa chini, mvua ya masika itampelekea jirani yako. Mbuni unataka uangalifu, maana mizizi yake midogo ya kulisha iko juu juu. Usichimbe kwa jembe. Fukua matandazo chini ya matawi, mimina taratibu, funika tena. Mahindi yapate tope kando ya mstari wakati wa palizi, likafukiwa papo hapo.

Mawingu ya mvua kubwa yakitanda, acha tope shimoni. Na usimwage karibu na mfongo, yaani mfereji wa asili wa maji, kuna watu huko chini wanaoyategemea maji hayo.

4. La shamba la mbali lifanye mboji

Tope zaidi ya asilimia 90 ni maji, hakuna anayeweza kulibeba hadi shamba la tambarare. Panga kwenye shimo tabaka la majani makavu ya migomba, mabua au maganda ya kahawa, mwagia tope mpaka yalowe, ongeza tabaka jingine. Funika. Geuza kila baada ya wiki mbili au tatu. Majani hunyonya maji na kuzuia naitrojeni isitoroke. Likigeuka jeusi lenye kunusa udongo, na huwezi tena kutambua jani, jaza magunia.

5. Kama choo kimeunganishwa na mtambo

Joto la mtambo wa nyumbani haliui mayai yote ya minyoo. Tope hilo liende kwenye migomba na miti ya matunda, likifukiwa, wala lisiguse mchicha, karoti wala kachumbari ya aina yoyote. Vaa glavu na buti unapolichota. Hata tope la samadi ya ng'ombe peke yake, kwenye mboga zinazoliwa mbichi liweke kabla ya kupanda tu, ulichanganye na udongo. Mboga hizo zikishaota, tumia mboji iliyoiva.