Kuonyesha triptesi kwenye ngozi nyeusi yenye afya

Triptesi ni kimeng'enya kinachomwagika ngozi inapovimba na kuwasha. Kwenye ngozi yenye afya huwa bado kimefungiwa katika chembechembe ndani ya seli za masti, aina ya seli za kinga. Seli hizo hukaa kwenye demisi, yaani tabaka la ndani la ngozi, hasa sehemu yake ya juu, kandokando ya mishipa midogo ya damu, neva, mashina ya nywele na tezi za jasho. Epidemisi, tabaka la nje, kwa kawaida haina seli hizo.

Kinachopoteza wasomaji wengi wa slaidi ni rangi inayotumika kuonyesha triptesi. DAB, iliyozoeleka maabara, ni ya kahawia, na melanini, rangi asilia ya ngozi, nayo ni ya kahawia. Mbaya zaidi, makrofaji (seli zinazomeza takataka) zilizomeza melanini hukaa palepale kwenye mishipa ya juu ya demisi, nazo huhesabiwa kimakosa kuwa seli za masti. Kwa ngozi nyeusi tumia AEC, ambayo ni nyekundu.

Mwenye ngozi akisharidhia, kata kipande cha milimita 4. Ganzi ichomwe pembeni, na kipande kisibanwe kwa kibano: seli za masti zikiminywa hutapika chembechembe zake, ukaona vumbi jekundu nje ya seli. Kitie kwenye mililita 20 za fomalini (dawa ya kuhifadhi) ya asilimia 10 kwa saa 24, kisha kigandishe ndani ya nta ya parafini. Kata vipande vyembamba vya unene wa maikromita 4, bandika kwenye slaidi zenye chaji ya umeme ili vishike, kausha saa 1 kwa nyuzi 60 za Selsiasi. Ngozi hubanduka upesi ikichemshwa.

Ondoa parafini, fungua antijeni (sehemu ambayo kingamwili hushika) kama karatasi ya kingamwili inavyoelekeza, kisha weka haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kwa dakika 10 ili kuzima peroksidesi ya ngozi yenyewe. Kingamwili AA1, inayoshika triptesi, ikae dakika 30 hadi 60 ndani ya kisanduku chenye unyevu. Slaidi ikikauka hata kidogo, kingo zote zitakuwa nyekundu bure. Osha, weka polima yenye peroksidesi, kimeng'enya kinachoifanya AEC iwe nyekundu pale AA1 iliposhika, osha tena, kisha AEC dakika 5 hadi 10 huku ukichungulia kwenye hadubini. Hematoksilini, rangi ya buluu ya viini vya seli, dakika 1 yatosha.

Baada ya AEC, usipitishe slaidi kwenye alkoholi wala zailini, maana rangi hiyo huyeyuka humo. Funika kwa jeli ya gliseroli.

Slaidi ya pili ya kipande hichohicho ipitie hatua zote bila AA1. Wekundu ukionekana humo, au ukitanda kwenye tabaka la seli zilizokufa juu ya ngozi, huo si triptesi.