Fidia ya ulemavu kwa aliyetumikia jeshi la Marekani na sasa anaishi Mbeya au Iringa

Kama ulivaa sare za jeshi la Marekani kisha ukarudi kujenga Uyole, Tukuyu au Mafinga, haki ya fidia ya ulemavu uliotokana na utumishi umerudi nayo. Kuishi nje ya Marekani hakuifuti, wala huhitaji miaka 20 kazini. Hiyo ni habari ya pensheni. (Waliotumikia JWTZ wana utaratibu wao, haya hayawahusu.) Mlipaji ni idara ya Marekani ya wanajeshi wastaafu, VA kwa kifupi, na mafaili ya walioko huku hushughulikiwa na ofisi yake ya Pittsburgh.

Anza na DD-214, karatasi ya kuachana na jeshi. Imepotea? Nakala huombwa bure kwenye hifadhi ya kumbukumbu iliyoko St. Louis, kwa fomu SF-180. Angalia ilivyoandikwa aina ya kuondoka: ukiwa uliondoka kwa heshima, mlango uko wazi. Ukiondolewa kwa masharti yasiyo ya heshima, VA hupima kwanza tabia yako ya utumishini. Aliyefukuzwa kwa hukumu ya mahakama kuu ya kijeshi kwa kawaida hapati.

Siku hiyohiyo peleka fomu 21-0966, ya kueleza nia ya kudai. Inakushikia tarehe kwa mwaka mmoja: dai likikubaliwa, malipo huhesabiwa tangu siku ilipopokelewa, hata kama dai lenyewe, fomu 21-526EZ, umelikamilisha miezi 11 baadaye. Tuma kwa mtandao. Bahasha ya posta kutoka Mbeya hula wiki kadhaa za tarehe yako.

Sasa kiini cha dai. VA hutafuta vitu vitatu: ugonjwa uliothibitishwa na daktari leo, tukio au jeraha la wakati wa utumishi, na kiungo kati ya hivyo viwili. Madai mengi hukatikia kwenye kiungo. Daktari wa hapa, kwa tahadhari yake nzuri ya kitabibu, ataandika kwamba maumivu ya mgongo "yanaweza kuwa yanahusiana" na kuruka kwa miavuli. Sentensi hiyo haikusaidii. Kipimo cha VA ni uwezekano wa angalau nusu kwa nusu, basi barua iseme hivyo waziwazi, iseme daktari amesoma kumbukumbu zako za matibabu za jeshini (mpelekee nakala), na itoe sababu: nini kilitokea, kipimo kimeonyesha nini, kwa nini si umri wala kilimo. Iandikwe kwa Kiingereza, iwe na muhuri. Tangu sheria ya PACT ya 2022, inayohusu walioathiriwa na moshi na sumu vitani, waliokuwa Irak au Afghanistan na sasa wana pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi, au sainasi sugu, hawadaiwi kiungo. Kinachukuliwa kuwa kipo.

VA ikikuitia uchunguzi, nenda. Wito huweza kuangukia anwani ya zamani Marekani, kwa binamu asiyefungua barua, na dai likaamuliwa bila wewe. Badilisha anwani na simu mapema.

Halafu kuna adabu yetu. Mtu anaingia, anaulizwa hali, anajibu "nzuri tu, namshukuru Mungu," na mchunguzi anaandika: hana malalamiko. Salimia, kisha sema ukweli wa siku mbaya: mgongo ukikaza huwezi kuinama kuvaa viatu, mara ngapi kwa mwezi, unalazimika kulala kitandani siku ngapi. Usiongeze chumvi, ila usimfichie kwa heshima. Kwa dai la masikio, jua kuwa VA hutumia kipimo cha kutambua maneno ya Kiingereza. Kama Kiingereza kinakukwaza, mwambie mchunguzi kabla, kwa kuwa inaruhusiwa kutumia kipimo cha sauti pekee.

Viwango vya ulemavu huenda kwa makumi, asilimia 0 hadi 100, na havijumlishwi kama dukani. Una 50 na 30? Ya pili hukatwa kwenye nusu iliyobaki: 15. Jumla 65, inapandishwa kuwa 70.

Ukifikia 30, mke au mume na watoto huongeza malipo, na hapo ndipo vyeti vinapotesa. Mahari iliyopokelewa mbele ya wazee haitoshi mezani kwa VA. Sajili ndoa, hata ya kimila, uwe na cheti. Majina nayo: cheti cha mtoto kinasema Mwakalinga, DD-214 inasema Mwakalinge. Kula kiapo kwa wakili kabla hujaulizwa.

Ukikataliwa, chukua hatua ndani ya mwaka mmoja. Kama unao ushahidi mpya, kwa mfano barua bora ya daktari, leta dai la nyongeza; kama unaona walisoma vibaya kilichokuwepo, omba afisa wa juu apitie upya. Anayekutoza pesa kuandaa dai la kwanza anavunja sheria ya Marekani. Vyama vya wastaafu vyenye kibali husaidia bure.

Ugonjwa ukishakubaliwa, jiandikishe kwa fomu 10-7959f-1 ili urudishiwe gharama za kuutibu hapa nchini. Risiti ya EFD pekee hairudishi kitu, kwa sababu haionyeshi ugonjwa. Omba hospitali iandike ugonjwa, tarehe na kila huduma na bei yake, na utume ndani ya miaka 2.