Somo: Kulitambua kangaga-zabibu na jamaa zake bila kuling'oa

Kangaga-zabibu ni mmea ambao watu huupita mchana kweupe. Kinachoonekana juu ya ardhi ni jani moja tu, limesimama peke yake kati ya nyasi au majani makavu, na mtu asiyelijua hudhani ni mche wa mmea mwingine. Nimeandika somo hili kwa sababu wengi wakishalitambua, jambo la pili wanalofanya ni kuchukua jembe. Naomba msome hadi hatua ya sita kabla ya kugusa udongo.

Kwanza tukubaliane majina. Hapa kangaga-zabibu ni jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) ya Sceptridium, kangaga-mwezi ni Botrychium, na ulimi-nyoka ni Ophioglossum. Wote wako katika familia ya Ophioglossaceae. Vitabu vingi huingiza kangaga-zabibu ndani ya Botrychium, kwa hiyo ukikuta Botrychium dissectum katika kitabu kimoja na Sceptridium dissectum katika kingine, ujue ni mmea uleule.

Hatua ya 1: Hakikisha uko kwenye familia hii

Makangaga ya kawaida huchipua yakiwa yamejiviringisha kuanzia nchani, kisha hujikunjua taratibu. Familia hii haifanyi hivyo. Jani lake changa hutoka likiwa limekunjwa au limeinama tu. Geuza jani uangalie mgongo wake: ukiona safu za madoa ya kahawia, hayo ni makundi ya vifuko vya spora (chembe kama vumbi ambazo makangaga huzaliana kwazo badala ya mbegu) ya makangaga ya kawaida, na somo hili halikuhusu. Hapa mgongo wa jani ni mtupu, kwa sababu spora zina mahali pake.

Hatua ya 2: Tafuta mkono wa spora, kisha ushuke nao hadi unapoungana

Hii ndiyo hatua kuu, na kama una dakika tano tu, zitumie zote hapa.

Jani la familia hii limegawanyika sehemu mbili. Moja ni bapa la kijani linalotengeneza chakula. Nyingine ni mkono uliosimama, wenye vifuko vya spora. Watu huuona mkono huo wakafikiri ni ua, au ni shina jingine lililoota jirani. Siyo. Ni sehemu ya jani lilelile. Ushike kwa upole, ufuate kushuka chini, na uangalie unaungana wapi na kikonyo cha bapa:

- Ukiungana chini kabisa, karibu na ardhi au ndani ya majani makavu, na bapa likiwa na kikonyo chake kirefu, hilo ni kangaga-zabibu.
- Ukiungana juu, pale bapa linapoanzia, na bapa likiwa pana, jembamba, la pembetatu, halina kikonyo chake, hilo ni Botrypus virginianus, jamaa wa karibu anayechanganywa sana na kangaga-zabibu.
- Ukiungana juu ya ardhi katika mmea mdogo ambao bapa lake lina vipande vidogo pande mbili, mara nyingi vyenye umbo la kipepeo cha kujipepea, hilo ni kangaga-mwezi.
- Bapa likiwa zima, halijagawanyika hata kidogo, na mkono ukitokea kwenye kitako chake, huo ni ulimi-nyoka.

Sehemu ya kuungana haidanganyi jinsi ukubwa na rangi vinavyodanganya. Nimeona picha nyingi nzuri za bapa lililopigwa kutoka juu ambazo haiwezekani kuzitolea jibu, kwa kuwa mpigaji hakushuka chini kuonyesha kiungo hicho.

Hatua ya 3: Angalia vifuko vyenyewe

Vifuko vya spora vya familia hii ni vikubwa kiasi cha kuonekana kwa macho matupu. Kila kimoja ni kidonge kisichozidi sana milimita moja. Kwenye kangaga-zabibu, kangaga-mwezi na Botrypus vimejipanga juu ya matawi madogo kama kichala cha zabibu. Kwenye ulimi-nyoka vimezama ndani ya mkono usio na matawi, katika safu mbili.

Ukiwa na lenzi ya mkono, utaona kila kifuko kina ukuta mnene na kinapasuka kwa mstari mmoja unaokigawa vipande viwili. Kifuko cha kangaga la kawaida kina pete ya seli inayojikunja na kurusha spora, na kwa kawaida hubeba spora 64. Hiki hakina pete, nacho hubeba nyingi zaidi, mara nyingi maelfu. Vikiiva, gusa mkono kidogo na vumbi la njano litatoka.

Miaka mingine jani hutoka bila mkono, hasa mmea ukiwa mchanga. Usilazimishe jina siku hiyo. Andika jenasi kama bapa linakuruhusu, uache spishi.

Hatua ya 4: Soma majira

Kwenye maeneo yenye majira manne, kalenda hukupa nusu ya jibu. Botrypus hutoka majira ya kuchipua, huachia spora mwanzoni mwa kiangazi, na hunyauka kabla ya baridi. Kangaga-zabibu nyingi hutoa jani jipya wakati wa kiangazi, huachia spora majira ya majani kupukutika, kisha bapa hubaki hai baridi yote hadi majira ya kuchipua. Ndiyo maana bapa lake ni nene na gumu. Miti ya juu ikishapoteza majani, mwanga hufika chini, na mmea huu huendelea kutengeneza chakula wakati majirani wake wamelala.

Sceptridium dissectum ya mashariki mwa Amerika ya Kaskazini hugeuka rangi ya shaba baridi ikifika, ilhali S. oneidense inayofanana nayo hubaki kijani. Nayo Sceptridium lunarioides ya kusini-mashariki mwa Marekani ina ratiba yake: jani hutoka wakati wa baridi na bapa hulala juu ya ardhi, kwa hiyo anayetafuta jani lililosimama humkosa.

Hatua ya 5: Piga picha nne

Mmea mzima kutoka ubavuni. Sehemu ya kuungana. Bapa kutoka juu, likiwa limenyooshwa juu ya karatasi nyeupe bila kulikata. Vifuko kwa karibu. Weka rula ndani ya picha. Kwa kangaga-mwezi, picha ya bapa lililonyooka ni ya lazima, maana spishi nyingi hutofautishwa kwa upana wa vipande, kingo zake, na umbali kati ya kipande na kipande.

Hatua ya 6: Usichimbe

Sasa tufike kwenye sehemu inayonigusa zaidi.

Chini ya jani hilo moja kuna shina fupi lililosimama, na mizizi minene isiyo na vinyweleo. Mizizi ya kawaida hunyonya maji kwa vinyweleo. Hii imeiachia kazi hiyo kuvu waishio ndani yake. Juu ya shina kuna chipukizi lililofichwa kwenye kitako cha kikonyo, na ndani yake jani la mwaka ujao limeshaanza kuumbwa. Ukikwanyua chipukizi hilo usitegemee la akiba pembeni. Mmea umepoteza mwaka, au umepoteza uhai.

Tena huo ni mmea uliokwisha kukua. Kabla yake kulikuwa na hatua nyingine ambayo karibu hakuna anayeiona. Spora ya familia hii haioti juani, inahitaji giza. Inapenyezwa na maji hadi chini ya udongo, na hapo, ikikutana na kuvu anayefaa, hukua kuwa kinundu kidogo kisicho na rangi ya kijani. Hicho ndicho gametofiti, hatua inayotengeneza mbegu za kiume na yai. Kwa kuwa hakina umbijani, ile kemikali ya kijani inayonasa mwanga, hakitengenezi chakula chake, bali hulishwa na kuvu. Yai likirutubishwa, mmea mpya huanzia hapohapo chini, na huweza kupita miaka kadhaa kabla jani la kwanza halijatokeza juu.

Kwa hiyo ukipiga jembe hata hatua moja pembeni ya jani, huenda unapasua vinundu na miche ambayo haijawahi kuona jua. Mimi huwaomba watu wasikanyage hata eneo linalozunguka jani, na wasifagie majani makavu.

Hatua ya 7: Weka alama na urudi

Pima umbali kutoka kwenye jiwe au mti usiohama, uandike. Rudi mwaka unaofuata majira yaleyale. Usichome kijiti karibu na kikonyo.

---

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Mwaka jana niliweka alama kwenye majani sita ya kangaga-mwezi. Mwaka huu nimekuta mawili. Yale manne yamekufa?

Jibu: Marahaba. Usiyazike bado. Mimea ya familia hii huweza kukaa chini mwaka mzima, hata zaidi, bila kutoa jani, kisha ikatokeza tena. Kuvu waliomo mizizini wanasaidia kuitunza wakati huo. Ndiyo sababu kuhesabu majani ya mwaka mmoja hakukuambii mimea iko mingapi. Endelea kurudi kwenye alama zako kila mwaka, na hesabu uilinganishe baada ya misimu kadhaa.

Swali: Mwalimu, nimeelewa kuhusu kuchimba. Lakini je, nikichukua na bonge zima la udongo, kuvu si atakuja nalo?

Jibu: Atakuja kwa siku hizo. Lakini kuvu huyo naye anaishi kwa kushikamana na mizizi ya mimea mingine iliyo hai, na utakuwa umemkata kutoka kwayo. Mmea unaweza kutoa jani mwaka wa kwanza kwa akiba iliyomo kwenye chipukizi na mizizi, mwenyewe akafurahi, kisha ukadhoofika. Sishauri, hata kwa bonge kubwa. Kama eneo linakaribia kujengwa na mimea itaangamia kwa vyovyote, wasiliana na bustani ya mimea au wataalamu wa mimea wa chuo kikuu kilicho karibu nawe kabla ya kugusa chochote.

Swali: Kukata jani juu ya ardhi kwa ajili ya kulikausha kuna ubaya?

Jibu: Chipukizi liko chini, kwa hiyo ukikata juu kwa mkasi mmea haufi papo hapo. Lakini kumbuka ni jani moja kwa mwaka. Kangaga-zabibu hasa hulitegemea jani hilo kwa miezi mingi, pamoja na ile ya baridi, na ukilikata mapema umeufungia mmea jiko. Kwangu mimi picha zinatosha. Kwa utafiti rasmi wenye kibali, kata baada ya spora kuiva.

Swali: Kwenye uwanda mmoja nimepata kangaga-mwezi za maumbo matatu, zimekaa pamoja kabisa. Ni spishi moja inayobadilika-badilika, au?

Jibu: Inawezekana kabisa ni spishi tatu. Warren H. Wagner na mkewe Florence Wagner, wa Chuo Kikuu cha Michigan, walilichunguza jambo hili kwa miaka mingi na wakaonyesha kwamba spishi kadhaa za Botrychium huota bega kwa bega mahali pamoja. Ilikuwa desturi kuzihesabu kama maumbo ya spishi chache. Tena baadhi zimetokana na spishi mbili kuzaliana, kisha idadi ya kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) ikaongezeka maradufu: spishi za msingi zina kromosomu 90, na hizo zilizochanganyika zina 180. Piga picha ya kila umbo peke yake, na usichanganye namba za picha.

Swali: Nilisikia ulimi-nyoka una kromosomu nyingi kuliko kiumbe chochote. Ni kweli? Unazifanyia nini?

Jibu: Kati ya mimea ni kweli kwa Ophioglossum reticulatum, ambao umehesabiwa kromosomu zipatazo 1,260. Binadamu ana 46. Wingi huo umetokana na seti za kromosomu kujirudufu mara nyingi katika historia ndefu ya ukoo huo. Haimaanishi mmea una kazi nyingi za kufanya; mwili wake ni bapa moja na mkono mmoja. Familia ya Psilotum na Tmesipteris, ambayo DNA inaonyesha ni jamaa wa karibu, nayo ina maajabu yake: mwaka 2024 ilitangazwa kwamba Tmesipteris oblanceolata wa New Caledonia ana jenomu (jumla ya maelekezo ya urithi yaliyomo kwenye DNA) kubwa kuliko zote zilizowahi kupimwa, takriban jozi bilioni 160 za besi, yaani herufi za DNA.

Swali: Wote katika familia hii huota ardhini?

Jibu: Hapana. Ophioglossum pendulum huota juu ya miti ya kitropiki na majani yake huning'inia kama mikanda. Mwingine, Cheiroglossa palmata, ana bapa lililogawanyika kama vidole, na huko Florida huota kwenye vitako vya makuti ya mti wa jamii ya minazi uitwao Sabal palmetto.

Swali: Mwalimu, umesema tusifagie majani makavu. Hata kidogo ili picha itoke vizuri?

Jibu: Hata kidogo, ndugu yangu. Mfano mzuri ni Botrychium mormo wa eneo la Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini. Ni mdogo mno, na miaka mingine hautokezi kabisa juu ya tabaka la majani yanayooza. Humalizia msimu wake humo humo. Eneo hilo lilifunikwa na barafu zama za kale, na misitu iliyoota baadaye haikuwa na nyungunyungu. Nyungunyungu walioletwa kutoka Ulaya wanalila tabaka hilo hadi udongo unabaki wazi, na wanapofika, mmea huo hupungua au hutoweka. Kama kuna jani kavu linaziba lenzi, liinue kwa vidole, piga picha, kisha lirudishe palepale lilipokuwa.