Jinsi ya kulinganisha miti ya kutengenezea klarineti

Anayeanza kukereza klarineti, ala ya muziki ya kupulizwa, huuliza kwanza mti upi una sauti tamu. Mimi huanza na swali jingine: tundu la mti upi litabaki duara na laini baada ya kulowana kwa pumzi kila siku? Kinachotoa sauti ni hewa inayotetema ndani ya tundu. Kazi ya mti ni kuizingira isivuje wala isikwame kwenye ukuta wenye nyuzi.

Hatua ya 1. Tafuta vipande vikavu vya mpingo, mopane (mti wa kusini mwa Afrika), kokobolo (mti wa Amerika ya Kati) na boksi (Buxus), mti wa manjano uliotumika Ulaya tangu klarineti za karne ya 18. Chukua kiini tu. Kwenye mpingo, sehemu nyeupe ya nje itupe.

Hatua ya 2. Kata kila kipande sentimita 3 kwa 3 kwa 15, kisha pima uzito. Ujazo ni sentimita za ujazo 135, kwa hiyo kikizidi gramu 135 kitazama majini. Mpingo huzidi 160. Boksi kwa kawaida huelea.

Hatua ya 3. Kereza kile kiungo kifupi kinachokaa kati ya kinywa (kipande cha kupulizia) na mwili wa klarineti. Toboa kwa awamu, keekee ikiwa kali, na upumzishe mti katikati. Vaa barakoa: vumbi la kokobolo na la mpingo huwasha ngozi na kifua. Mulika tundu kwa tochi. Mpingo utang'aa kabla hujashika msasa; mti wenye vinyweleo vikubwa utaonyesha mistari.

Hatua ya 4. Hii ndiyo hatua inayoamua, usiiharakishe. Pima kipenyo cha tundu kwa pande mbili zinazokatana, pitisha kitambaa chenye unyevu, acha usiku kucha, kisha pima tena. Mti hauvimbi sawasawa pande zote, hivyo duara hugeuka yai. Boksi ndilo linaloyumba zaidi.

Hatua ya 5. Piga noti zilezile kwa kinywa na mwanzi uleule (ule ubapa mwembamba unaotetema kwenye kinywa), mwenzako akikubadilishia viungo bila wewe kuviona.

Kwa mwili wenye matundu na vifungo mimi huchagua mpingo. Mopane naiweka kwenye kile kiungo kifupi na kwenye kengele, yaani ncha pana ya chini. Mpingo huchukua takribani miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kuvunwa, kwa hiyo mabaki usiyachome: kampuni ya Ufaransa ya Buffet Crampon hutengeneza klarineti za Greenline kwa unga wa mpingo uliochanganywa na nyuzi za kaboni.