Kabla hujabonyeza Nakubali: jinsi ya kukagua mkataba wa programu bila kuusoma wote

Swali ambalo watu huuliza ni hili: kuna mtu kweli anasoma ule mkataba mrefu wa programu kabla ya kubonyeza Nakubali? Jibu kwanza: hapana, watu hawasomi, na hapa simsingizii mtu. Kuna watafiti wa Marekani walifatilia watu wanaoingia kwenye tovuti 90 za makampuni yanayouza programu mtandaoni, watembeleaji zaidi ya 48,000 kwa mwezi, wakakuta kwenye kila wanunuzi 1,000 ni mmoja au wawili tu ndo wanaofungua mkataba wa leseni, na hao wenyewe wengi wanaangalia kidogo wanatoka. Mwaka 2005 kampuni ya PC Pitstop iliandika ndani ya mkataba wake kwamba atakaewatumia imeili kwenye anwani fulani atapata hela, ikapita miezi minne, watu zaidi ya 3,000 wakaidanlodi ile programu, ndo akajitokeza mtu mmoja, akatumiwa dola 1,000. Afu kuna utafiti wa Jonathan Obar na Anne Oeldorf-Hirsch, hawa walibuni mtandao wa kijamii ambao haupo, wakaupa jina NameDrop, wakaita wanafunzi wa chuo 543 wajiunge, na kwenye masharti wakaweka kwamba malipo ya kujiunga ni mtoto wako wa kwanza. 98% hawakuona. Masharti yenyewe watu walikaa nayo kwa wastani wa sekunde 51, kitu ambacho ukikisoma vizuri kinakula robo saa.

Sasa hapo ndo utasikia watu wanasema ah watumiaji wavivu, wamejitakia. Mi sikubali kabisa. Mwaka 2008 watafiti Aleecia McDonald na Lorrie Cranor walipiga hesabu kwamba Mmarekani wa kawaida akiamua kusoma sera za faragha za tovuti zote anazopita kwa mwaka zitamla kama saa 201, na hapo ni faragha tu hujagusa leseni. Mwaka 2016 shirika la kutetea walaji la Norway lilichukua apu 33 ambazo ziko kwenye simu za watu wengi likasoma masharti yake kwa sauti live mtandaoni, ikachukua zaidi ya saa 30. Mtu mwenye kazi na familia hana huo muda, na walioandika yale makaratasi wanajua hana.

Kwa hiyo sikwambii usome yote. Ila kati ya kusoma yote na kutosoma kabisa kuna njia ya katikati ambayo ni dakika kumi hivi, nayo ni kwenda moja kwa moja kwenye sehemu zinazoweza kukuumiza, na kwenda KABLA hujabonyeza, maana ukishakubali na kulipia nguvu yako inapungua sana.

Chagua kwanza wapi pa kuhangaika. Apu ya tochi au ya kikokotoo huna haja ya kuikagulia mkataba, we ikatalie ruhusa za maiki na namba za watu ulizosevu imeisha, na ikigoma kufanya kazi bila hizo basi ifute. Dakika zako kumi ziweke kwenye programu inayoomba kadi ya benki, inayoshika kazi zako yaani picha, maandishi, rekodi, mafaili ya wateja, inayotumiwa na watoto, au ile unayoinstoli kwenye kompyuta ya ofisi. Hizo ndo mtu anaumia.

Hatua inayofata wengi wanairuka, nayo ni kuyatoa maandishi pale yalipo. Ukiinstoli programu kwenye kompyuta unaletewa kidirisha kidogo kinaonyesha mistari michache tu, huwezi kukipanua, na chini kuna kitufe. Bofya ndani ya hicho kidirisha, shika Ctrl na A kuchagua yote, Ctrl na C kukopi, fungua Notepad au Word, pesti. Ghafla una ukurasa wa kawaida ambao unaweza kukuza herufi na kutafuta neno, na hapo hapo usevu na tarehe ya leo kwenye jina la faili. Kwenye simu linki ya masharti mara nyingi imekaa chini ya kitufe kwa maandishi hafifu, ifungue kwenye brauza, afu kwenye menyu chagua kutafuta ndani ya ukurasa. Angalia juu kabisa mkataba umebadilishwa lini mara ya mwisho.

Sasa unatafuta maneno. Mikataba mingi ya programu iko kwa Kiingereza kwa hiyo maneno ya kutafuta nayo utayaandika hivyo hivyo. Anza na hela: andika "renew", afu "refund", afu "cancel". Utakachokikuta kwenye apu nyingi za kulipia ni sentensi inayosema hivi: usajili wako utajirudia wenyewe isipokuwa umeufuta angalau saa 24 kabla ya kipindi ulichopo kuisha. Isome taratibu hiyo. Kama umepewa siku saba za kujaribu bure, siku ya saba ushachelewa, hela itakatwa, wala hawajakosea kwa sababu walikwambia. Unachofanya ni kuweka alamu siku ya tano, pale pale unapojiunga sio kesho. Na jambo lingine ambalo limewatoa watu hela nyingi sana, kuaninstoli apu hakufuti usajili, usajili unafutwa kwenye akaunti ya duka la apu au kwenye tovuti ya kampuni, apu unaweza kuitoa kwenye simu na kadi ikaendelea kukatwa kila mwezi.

Kwa wanaotumia programu kazini, tafuta "commercial" (matumizi ya biashara) na "personal" (matumizi binafsi). Hapa nasisitiza kwa sababu neno bure linadanganya watu wazuri kabisa. VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta nyingine ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, yenyewe iko huru, lakini kile kifurushi chake cha nyongeza, Extension Pack, kina leseni nyingine ambayo inaruhusu matumizi binafsi, ya masomo au ya kujaribu tu. Docker Desktop, programu wanayotumia watengenezaji wa programu, ilikuwa bure kwa kila mtu mpaka 2021 walipobadilisha, sasa kampuni yenye wafanyakazi 250 au zaidi, au mapato ya mwaka yanayopita dola milioni 10, inatakiwa ilipe. Fundi anaiweka kwenye mashine 40 za ofisi kwa nia njema, mkataba amekubali yeye, halafu siku moja kampuni inaletewa bili. Kama we ndo fundi basi kabla ya kuinstoli mtumie bosi wako ile sentensi kwa maandishi aamue yeye.

Kazi zako nazo. Tafuta "license" utaona inajirudia mara nyingi, we unatafuta ile sehemu ambayo WEWE ndo unawapa WAO leseni. Hapa nataka nitulize watu kidogo maana kila baada ya muda inasambaa meseji kwamba kampuni fulani imechukua picha zako zote. Huduma yoyote inayoonyesha picha yako kwa wengine lazima uipe ruhusa ya kuikopi kwenye seva zake, kuipunguza saizi, kuituma, bila hiyo ruhusa haiwezi kufanya kazi. Kwa hiyo ruhusa kuwepo sio tatizo, tatizo ni mipaka yake. Angalia kama imeandikwa ni kwa ajili ya kuendesha huduma tu au ni kwa shughuli yoyote watakayotaka, angalia kama inaisha ukifuta picha au ni ya milele ("perpetual") na haiwezi kurudishwa ("irrevocable"), na siku hizi ongeza kutafuta "machine learning" na "train" kwa sababu ya mambo ya akili mnemba. Agosti 2023 watu walisoma masharti ya Zoom, ile programu ya mikutano ya mtandaoni, wakakuta maneno mapana sana kuhusu kutumia data za wateja kufundishia akili mnemba, kelele zikapigwa, na ndani ya mwezi ule ule Zoom wakayabadilisha. Maneno yale yalikuwa yameshakaa pale miezi kadhaa. Walikuja kuyabadilisha kwa sababu kuna watu walifungua wakasoma.

Kuhusu data, tafuta "third parties" (watu wa nje), "affiliates" (makampuni ndugu) na "partners" (washirika). Kama orodha ya wanaopewa data zako haina mwisho na haisemi wanapewa kwa kazi gani, chukulia zinauzwa na jaza fomu yao kwa taarifa chache kadri inavyowezekana.

Afu kuna "arbitration", yaani mkigombana hamuendi mahakamani mnaenda kwa msuluhishi binafsi, na mara nyingi pembeni yake kuna "class action" inayokuzuia kujiunga na wengine kufungua kesi moja ya pamoja. Kifungu hiki kimejaa sana kwenye mikataba ya makampuni ya Marekani. Unaweza kuona ni cha mbali hakikuhusu, lakini mwaka 2024 kuna mwanaume Marekani aliishtaki Disney, kampuni ya filamu na viwanja vya burudani, kwa kifo cha mkewe baada ya kula kwenye mgahawa ulioko kwenye eneo lao la Florida, mawakili wa kampuni wakajibu kwamba yeye aliwahi kujiunga na kipindi cha majaribio cha Disney+ mwaka 2019 na kule alikubali usuluhishi. Huduma ya kuangalia filamu, inatumika kuzuia kesi ya kifo! Kampuni iliiondoa hoja hiyo baada ya watu kuja juu, ila ona jinsi kubonyeza mara moja kunavyoweza kusafiri. Kitu ambacho wengi hawajui, baadhi ya mikataba inakupa siku 30 toka ukubali kuandika kwamba hutaki hicho kifungu na bado unaendelea kutumia huduma kama kawaida. Tafuta "opt out", kama ipo anwani yao tuma ujumbe siku hiyo hiyo na utunze nakala.

Kuhusu umiliki nitasema kwa ufupi. Karibu kila leseni inasema programu hii umepewa ruhusa ya kuitumia, hujauziwa. Julai 2009 Amazon walifuta vitabu kwenye Kindle (vifaa vyao vya kusomea vitabu) za watu waliokwisha kuvilipia, sababu aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo, hela wakarudisha ila kitabu ndo kishaondoka mkononi. Jimbo la California kuanzia Januari 2025 lina sheria inayowataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali waseme wazi kama unachopata ni leseni, sheria nzuri sana hiyo natamani ingekuwa kila mahali. Kwa hiyo kama kuna kitu huwezi kuishi bila nacho, kinunue mahali panapokuruhusu kudanlodi faili lenyewe ukalihifadhi.

Ile aya ndefu ya HERUFI KUBWA ambayo macho yanaikimbia, usiikimbie. Imeandikwa hivyo kwa sababu sheria za biashara za Marekani zinataka mtu akijitoa kwenye dhamana aandike kwa namna inayoonekana wazi, sasa mawakili wakaona herufi kubwa ndo wazi. Ndani yake kwa kawaida wanasema unaichukua programu kama ilivyo, ikiharibu mafaili yako hawawajibiki au wanawajibika mpaka kiasi ulicholipa tu. Hapo huna la kujadiliana nao, we fanya bakapu kabla ya kuinstoli.

Na kwenye kuinstoli kwenyewe usichague njia ya haraka. Chagua "custom" au "advanced", pita ukurasa mmoja mmoja ukiondoa tiki. Programu nyingi za bure zinabeba nyingine ndani yake, na kila moja ina mkataba wake ambao unaukubali kwa kubonyeza tu endelea.

Ukiona muda umebana kuna mradi unaitwa Terms of Service; Didn't Read, upo toka 2012, watu wa kujitolea wanasoma masharti ya huduma kubwa na kuyapa alama A mpaka E. Akili mnemba pia inasaidia, mpe maandishi yote, ila usiulize "huu mkataba uko sawa?", mwambie akunukulie sentensi kamili zinazohusu kukatwa hela, kushirikisha data, usuluhishi na haki za kazi zako, afu kila sentensi aliyokupa uitafute mwenyewe kwenye faili kama kweli ipo, maana kuna wakati hizi roboti zinatunga. Na leseni za programu huria, yaani zile ambazo kodi yake iko wazi kwa kila mtu, usiziogope kabisa, ya MIT ni aya chache, unaimaliza unaposubiri kitu kidanlodike, na ile ya GPL japo ndefu sehemu kubwa inaeleza haki unazopewa wewe na watakaopata nakala kutoka kwako.

Umekagua na kuna kifungu hukitaki? Usikubali ukisema utaona mbele. Tafuta mbadala, au waandikie uulize, makampuni madogo hasa huwa yanajibu na wakati mwingine yanakupa mkataba tofauti kama unanunua kwa ajili ya ofisi. Kama ulishakubali zamani na sasa unataka kutoka, fata mpangilio huu: futa usajili wa hela kwanza, danlodi data zako, omba akaunti ifutwe pamoja na data zote (ukiwa Ulaya sheria ya kulinda data, GDPR, inakupa hiyo haki moja kwa moja, ukiwa kwingine omba tu, wengi wanafuta), subiri imeili ya kuthibitisha uitunze, ndo mwishoni kabisa unaitoa apu kwenye simu.